Mto Uliposhuka Ghafla

Mvua ilipiga bati la banda, na Exilda alikamua ng'ombe kwa wasiwasi. Mvua ya Januari, katikati ya majira ya baridi! Juzi tu watu walivuka mto Chaudière kwa farasi, juu ya barafu. Sasa barafu ilikuwa inapasuka, na maji yamefika kwenye uzio.

"Tuwapandishe ng'ombe kilimani kwa kaka yangu," alimwambia mumewe, Leonidas.

"Sisi tunahamisha ng'ombe siku ya Mtakatifu Yosefu, mwezi Machi. Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo. Leo unataka mto ubadili kalenda?"

Huyo ndiye Leonidas. Ubishi aliurithi pamoja na shamba.

Mchana maji yalirudi nyuma ghafla, hatua kumi nzima. Leonidas akacheka.

"Umeona? Ulitaka nitembee na ng'ombe saba mvuani bure!"

Exilda naye akashusha pumzi. Kwa hilo hajajisamehe hata leo.

Wakati wanakula, jirani yao Rosaire, mlinzi wa mto, aliingia mbio, amelowa chapachapa.

"Mbona mmekaa? Toeni ng'ombe!"

"Lakini maji yameshuka," alisema Leonidas.

"Yameshuka, na mvua bado inanyesha? Jiulize yako wapi! Mabonge ya barafu yamebanana kule juu, darajani. Yameziba mto, na maji yanajaa nyuma yake. Barafu ikiachia, yote yanakuja kwa mpigo. Mto ukishuka ghafla wakati barafu inavunjika, usishangilie. Kimbia!"

"Sawa, sawa. Nimalize supu kwanza."

Exilda hakungoja. Yeye na Rosaire walikimbilia bandani, wakafungua ng'ombe wawili, wakawaswaga kuelekea kilimani. Hawajafika mbali, wakasikia kishindo. Mabonge makubwa kuliko mkokoteni yalibomoa ukuta wa banda. Ng'ombe watano walikuwa bado wamefungwa minyororo shingoni. Walilia, kisha wakanyamaza.

Leonidas alitoka nyumbani mbio. Rosaire akamkamata mkono.

"Ukiingia humo, hutoki!"

Exilda alimchukia mumewe majira yote ya joto. Alimpikia, alimfulia, hakumsemesha. Supu ya njegere haikupikwa tena nyumba ile.

Januari iliyofuata, mvua ilipoanza tu, Leonidas mwenyewe alifungua minyororo. Hakungoja maji yapande, wala yashuke. Majirani walimcheka njiani.

"Leonidas! Mwaka huu Mtakatifu Yosefu amewahi?"

Aliwapitia wote, akawaambia alichoambiwa na Rosaire. Wengine walihama, wengine walibaki wakicheka.

Jioni barafu iliachia. Maji yalivunja banda jipya, yakakuta minyororo mitupu.

Kilimani, Exilda aliwapangusa ng'ombe mvua mgongoni.

"Wote wawili wapo," alisema.

"Wangekuwa saba," alijibu Leonidas. "Ni mimi. Mimi na supu yangu."

Exilda alikuwa amelingoja neno hilo mwaka mzima. Lilipokuja, halikumfurahisha. Alimpa mumewe kamba ya ng'ombe mmoja, wakaenda kuwatafutia nyasi kavu.