Kiti Chenye Mtandio

"Soma tena hapo penye ujinga," nilimwambia shangazi.

"Mwanangu, nimeshasoma mara mbili. Chai inapoa."

"Soma."

Shangazi, mkata tiketi wa jumba letu la sinema, akasukuma miwani puani, akalitandaza gazeti dirishani.

"'Filamu hii ya Kiitaliano inatutaka tumlilie mwanamke anayekwenda sinema kila jioni, anaweka kofia ya mumewe kwenye kiti cha pembeni, anamngoja mtu aliyekwisha kumsahau. Huo si upendo, ni ujinga uliopigiwa muziki mzuri. Wanaotoka na leso zimelowa wajiulize wanalilia nini.'" Akanitazama juu ya miwani. "Si wewe uliyetoka na leso imelowa?"

"Na wewe je?"

"Mimi nina mafua."

Aliyeandika maneno hayo alikuwa mchumba wangu. Nasema mchumba kwa kujipa heshima tu. Pete haikuwepo, ila ahadi ilikuwepo, na ilishaanza kuota mvi. Mimi naendesha mashine ya filamu, yeye ni mhakiki wa gazeti. Kila filamu mpya ikija namwekea kiti cha safu ya mwisho, chini ya chumba changu. Natandika mtandio wangu juu yake ili mtu asikae. Wateja wote wanakijua kile kiti, na wananitania nacho.

Nikampigia.

"Mpenzi, nimesoma."

"Umeionaje?"

"Umeandika vizuri. Na kututukana umetutukana vizuri."

"Ah, usichukulie hivyo, mama. Hiyo ni kazi. Wahakiki wenzangu wote wameisifia, mmoja kaandika eti ameuona utoto wake mle ndani. Lazima apatikane mwenye akili."

"Na huyo lazima awe wewe."

Akacheka. Mimi sikucheka, na mimi ni mtu wa kucheka hata msibani.

"Jumapili mchana njoo," nikasema. "Onyesho likiisha watu wanabaki kuizungumza. Wanakutaka."

"Wanipige?"

"Wakuulize. Kupiga niachie mimi."

Alikuja taa zimeshawashwa. Akaniambia hana haja ya kuangalia tena, ameshaiona. Akakaa juu ya mtandio wangu, mguu juu ya mguu.

Fundi cherehani wa duka la jirani akasimama wa kwanza.

"Bwana mhakiki, mimi nimelia. Pale watoto wanapochungulia filamu kwenye tundu la ukuta, mmoja wao ni mimi. Nilichapwa kwa tundu kama lile. Sasa unaniuliza nalilia nini?"

"Unalilia utoto wako, mzee. Hulilii filamu."

"Basi huo utoto wangu nikautazame wapi?"

Ukumbi ukacheka. Nesi mmoja akanyoosha mkono.

"Mimi namuunga mkono mhakiki. Muziki umezidi, na mwanzoni nilisinzia. Lakini ule mwisho, jamani!" Akajishika kifua.

"Mwisho ndio uliooza kabisa!" mhakiki akadakia, uso umemng'aa. "Mwanamke anazeekea kitini, mkono juu ya kofia, anangoja mpaka anakufa. Ndiyo tuwafundishe dada zetu hayo?"

Watu wakageukiana.

"Nani anakufa?" akauliza fundi cherehani.

"Kaka, yule mama anainuka!" nesi akasema. "Anamvisha kofia mlevi aliyelala safu ya nyuma, anatoka nje kwenye jua, anacheka peke yake! Hapo ndipo tulipolia!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Shangazi akacheka mpaka mafua yake yakapona.

Mimi nilikuwa nautafuta ujumbe wa mchumba wangu kwenye simu. Aliniandikia siku ya onyesho la waandishi, lililofanyika hapa hapa kwetu: "Nimeangalia mpaka mwisho mpenzi. Mwisho umenimaliza. Naenda kuandika."

Kutoka kwenye dirisha langu dogo naliona pazia la filamu tu. Kile kiti sikioni, wala anayekiacha.

Watu walipoanza kutoka, nikamwita chumba cha mashine, nikafunga mlango.

"Siku ile ulitoka wakati gani?"

"Katikati."

"Ukaenda wapi?"

"Mjomba alipiga simu. Walikuwa wananisubiri."

"Wapi?"

Akaitazama mashine kana kwamba itamjibia. "Kwa watu."

Mtu aliyelelewa na shangazi anajua wajomba waliovaa vizuri husubiri nini kwa watu.

"Mlikwenda kuposa."

"Ukoo ndio ulioamua. Nilishindwa kukwambia."

"Lakini kuandika hukushindwa."

"Nilitaka uisome, uelewe mwenyewe. Uache kuningoja."

Nikacheka, na machozi yakaja na kicheko bila kubisha hodi.

"Wenzangu wanaachwa kwa simu! Wengine wananyamaziwa, wanajijua. Mimi nimeachwa gazetini, ukurasa wa burudani, chini yake tangazo la magodoro!"

"Punguza sauti, watu watasikia."

"Watasikia nini, na wewe umeshawachapishia?"

Akanishika mkono. Mikono yake ilikuwa na joto lile lile, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nisikilize. Hata kule bado hawajajibu. Mambo ya nyumbani huenda yakabadilika. Ningoje kidogo tu."

Sitawadanganya, moyo uliinama. Nilimpenda mtu huyu nikiwa na akili zangu timamu, nikawagombeza wote walioniambia hatanioa. Kidogo tu. Ni nini kwangu, niliyezoea?

Nikautoa mkono wangu.

"Simama hapo dirishani," nikamwambia.

"Unafanya nini?"

"Una deni la mwisho wa filamu."

Nikairudisha filamu mpaka kwenye sehemu yake ya mwisho, nikazima taa za ukumbini, nikawasha mashine. Mwanga ukapita juu ya viti vitupu. Nikamwacha pale, pua kiooni, nikashuka ngazi.

Kwenye pazia yule mama wa Kiitaliano alikuwa bado amekaa. Mimi nilimtangulia. Nikauokota mtandio wangu, nikaukung'uta, nikajifunga kichwani.

"Rudi basi!" sauti ikatoka juu. "Tuongee!"

"Angalia filamu!" nikajibu bila kugeuka. "Safari hii usitoke katikati!"

Nje jua lilikuwa kali. Shangazi alikuwa dirishani pake, anahesabu vishina vya tiketi. Akaniangalia mtandio, akaniangalia uso.

"Mbona macho mekundu?"

"Mafua, shangazi."

"Mh. Haya yanaambukiza."

"Kile kiti cha safu ya mwisho," nikamwambia, "kuanzia onyesho lijalo, kiuze."