Kidole Kilichopigwa Pasi

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na mguu wa kulia wa dobi ulikuwa nje ya shuka. Hakuutoa nje kwa sababu ya joto. Shuka lenyewe, jepesi kama lilivyokuwa, lilimuumiza likigusa kidole gumba. Kidole kilikuwa kimevimba, ngozi yake iking'aa, na kilikuwa cha moto. Jana yake jioni aliingia kitandani mzima. Hii ilikuwa mara ya tano katika mwaka mmoja.

Dobi alikuwa na miaka hamsini na miwili. Yeye na mkewe waliishi katika vyumba viwili. Cha nyuma kilikuwa cha kulala. Cha mbele kilikuwa cha kazi. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili za mkaa, kamba iliyofungwa ukuta hadi ukuta, na chupa yenye matundu kwenye kifuniko, ya kunyunyizia nguo maji. Katika chumba hicho dobi alisimama kwa muda wa saa kumi kila siku.

Asubuhi hiyo mkewe aliwasha mkaa kabla ya kuchemsha chai. Alilikunja taulo, akalikandamiza kwa pasi mpaka likawa la moto, akalifunga kwenye kidole. Dobi akauma mto.

Haya ndiyo yalikuwa matibabu yao. Hakuna aliyewafundisha. Kidole kilipovimba mara ya kwanza, dobi alisema hajawahi kuona kitu kilichokunjamana kisichonyooshwa na moto. Wakakikanda kwa taulo siku saba. Siku ya saba maumivu yakaondoka. Yangeondoka hata bila taulo, kwa maana ugonjwa huu mwanzoni huwa hivyo: huja, hukaa siku kadhaa, huenda zake. Lakini wao hawakulijua hilo. Taulo likapata sifa isiyo yake.

Saa mbili alifika shemeji, mdogo wa mkewe. Naye alikuwa dobi, mtaa wa pili, akipigia pasi barazani kwake. Alisimama mlangoni akayaangalia marundo ya nguo. Kulikuwa na mashuka arobaini ya nyumba ya wageni, na yalitakiwa tangu jana.

"Shemeji, watu wanasema huu ni ugonjwa wa matajiri," alisema. "Hizo nyama unazila wapi bila kutualika?"

"Mungu alinitumia mizigo miwili," dobi alijibu. "Ugonjwa wa tajiri umefika. Utajiri umepotea njiani."

Shemeji alicheka. Dobi hakucheka. Kisha shemeji alisema jambo lililomleta. Meza kubwa kama ile haikuwapo nyingine mtaani. Dobi akilala mara moja tena, heri meza ihamie barazani kwake pamoja na wateja, kuliko wateja kwenda kwa watu baki. Hakulisema kwa ubaya. Dobi aliitikia kwa kichwa.

Shemeji alipoondoka, dobi alimwambia mkewe kwamba dobi asiyesimama si dobi. Ni mtu aliyelala katikati ya nguo za watu.

Hakuwa mzembe. Nyama aliacha tangu mara ya pili. Pombe hakuwahi kuionja. Alipoona nyama haikusaidia kitu, alipunguza chakula chote, akawa anakula mara moja kwa siku. Mchana alijitia nguvu kwa soda, chupa tatu au nne. Bado kidole kilivimba. Kila alichokifanya kilimrudisha palepale kitandani.

Saa saba mchana muuguzi wa zahanati alikuja kuchukua sare yake. Alimkuta mke akipiga pasi peke yake. Alisikia mtu anaguna chumba cha nyuma, akaomba kumwona. Alilifungua taulo. Juu ya kidole kulikuwa na lengelenge. Akauliza ni nani aliyemchoma mzee.

"Ni mimi," mke alisema. "Tunakikanda."

"Kwa nini kwa moto?"

Mke aligeuza macho kwenye chumba cha mbele. Jibu lilikuwa mezani, linafuka moshi.

Muuguzi aliuliza maswali mengi, moja baada ya jingine. Maumivu huanza lini? Hukaa siku ngapi? Ana homa? Kuna mwingine katika ukoo aliyeumwa hivi? Dobi alisema hana homa. Baba yake aliburuta mguu mpaka akafa, na watu walisema ni uzee. Muuguzi akauliza anakunywa maji kiasi gani. Dobi alifikiri. Kikombe kimoja, asubuhi. Akinywa zaidi atakwenda msalani mara kwa mara, na pasi itapoa.

Muuguzi alichungulia chumba cha mbele, akaiona ile chupa yenye matundu. "Kwa hiyo humu ndani nguo zinakunywa kuliko mwenye nyumba," alisema.

Kisha alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaeleza.

"Mzee, huu unaonekana kuwa ugonjwa wa gauti. Wengine huuita jongo. Damu ya kila mtu ina taka inayoitwa asidi ya yuriki. Figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi, hugeuka chembe ngumu zenye ncha, zikakaa kwenye kiungo. Kidole chako kina sindano ndani. Na nyinyi mnazipiga pasi."

Aliwaambia waache moto, watumie baridi. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kinafaa, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika ishirini, mara kadhaa kwa siku. Mguu uinuliwe juu ya mto, asiukanyagie. Asimeze aspirini. Soda aiache, kwa sababu sukari yake huongeza asidi hiyo. Kwa watu wengine bia, maini, figo na dagaa huiongeza vilevile. Kujinyima chakula na kukaa na kiu pia huamsha maumivu. Maharage, mboga, mayai na maziwa havina neno. Lakini alisema wazi kwamba kwa watu wengi chakula si chanzo kikubwa. Wengi wamezaliwa na figo zinazotoa asidi hiyo polepole. Kwa hiyo lazima aje zahanati apimwe damu. Na siku yoyote kiungo kikiwa cha moto pamoja na homa, aende siku hiyohiyo, maana huenda ni maambukizi.

"Kitapona?" dobi aliuliza.

"Maumivu yanaweza kukoma. Palipokwisha kuharibika, siwezi kukuahidi."

Dobi alisema kumbe si ajabu baba yake alikufa bila kuuliza.

Kesho yake alipelekwa zahanati kwa baiskeli, amekaa nyuma, mguu ukining'inia. Tabibu alimpima figo na shinikizo la damu, kisha akampa dawa ya kutuliza uvimbe. Siku ya nne alikanyaga chini. Baada ya wiki mbili alirudi kupima damu, kwa kuwa wakati wa maumivu kipimo cha asidi kinaweza kudanganya. Kipimo kilisoma 590. Kilitakiwa kishuke chini ya 360. Alipewa kidonge cha kupunguza asidi, kimoja kila siku, awe anaumwa au haumwi. Muuguzi alimwambia kwamba miezi ya mwanzo maumivu yanaweza kurudi, na yakirudi asiache dawa. Alilisema hilo mara mbili. Dobi alilisikia mara zote mbili.

Siku ya ishirini na sita ya kumeza kidonge, kidole kilivimba kuliko wakati wowote. Kifundo cha mguu nacho kikavimba.

Mkewe alikiweka kidonge mkononi mwake kila asubuhi pamoja na maji. Dobi alikunywa maji. Kidonge kilikwenda chini ya godoro.

Meneja wa nyumba ya wageni alituma mtu kuchukua mashuka yake yakiwa hayajapigwa pasi, na hakuyarudisha tena. Jumapili iliyofuata shemeji alikuja na jirani mmoja. Waliutoa mlango kwenye bawaba ili meza ipite. Shemeji aliomba radhi njia nzima, mpaka jirani akamwambia aombe radhi kimya kimya, meza ni nzito. Dobi aligeukia ukuta.

Mwezi huo alishikwa mara mbili. Mwezi uliofuata, mara mbili tena. Pembeni ya kidole palitokea kinundu kigumu, cheupe kwa ndani. Dobi hakutaka kwenda zahanati. Alisema waliokwisha kumdanganya mara moja watamdanganya tena. Mchana alihesabu mbao za dari. Alimwambia mkewe kwamba akifa amfulie shuka la kumzikia yeye mwenyewe, asimpe shemeji, kwa sababu shemeji anaunguza pindo. Mkewe aliyachukulia kuwa mzaha, hadi alipoona kwamba anayasema kila siku.

Asubuhi moja mkewe aliinua godoro ili alianike. Alikuta vidonge hamsini na vitatu.

Alivikusanya kwenye kikombe. Akakaa mbele ya mumewe.

"Ulikuwa unaniambia umemeza."

"Vilikuwa vinaniumiza."

"Na sasa huvimezi, huumwi?"

"Naumwa vilevile. Lakini sina tumaini la kupoteza."

"Basi kaa bila tumaini," mkewe alisema. "Lakini dawa umeze. Dawa haiulizi kama una tumaini."

Siku hiyo mkewe ndiye aliyekwenda kumwita muuguzi, na alikwenda na kikombe. Muuguzi alivihesabu vidonge, hakumgombeza mtu. Alisema kosa hili hufanywa na watu wengi, na hufanywa siku ileile dawa inapoanza kufanya kazi. Asidi ikipungua kwenye damu, zile chembe za zamani huanza kuyeyuka na kusogea ndani ya kiungo. Zikisogea, zinachoma.

"Umewahi kuzibua mtaro?" aliuliza. "Maji hayatoki safi kwanza. Hutibuka, hunuka. Anayeacha hapo hubaki na mtaro ulioziba na nyumba inayonuka."

Dobi alisema mtaro hauna mishipa ya fahamu. Muuguzi alikubali.

Kesho yake dobi alikubali kupelekwa zahanati, na tabibu alimwanzisha upya kwa dozi ndogo, ipandishwe kidogo kidogo kwa kufuata kipimo cha damu. Safari hii alimwongezea kidonge kingine cha kuzuia maumivu katika miezi ya mwanzo. Mkewe hakuweka tena kidonge mkononi. Alimwekea kwenye ulimi, akangoja ameze, akamwambia afungue mdomo. Dobi alisema hata kuku hawalishwi hivyo. Alifungua mdomo.

Wiki ya tatu kidole kilivimba. Dobi alilia, na alimeza. Mwezi wa tatu kilivimba tena, kikakaa siku mbili badala ya saba. Kipimo kilisoma 480, kisha 410. Alikula mara tatu kwa siku na kunywa maji mchana kutwa, akilalamika kwamba sasa kazi yake ni msalani. Mwezi wa nne na wa tano hakuumwa. Hakufurahi. Alikaa akingoja, kama mtu anayengoja mgeni asiyemtaka.

Mwezi wa tisa kipimo kilisoma 340. Kinundu kilikuwa kimepungua nusu. Kidole hakikukunjika, na tabibu alisema hakitakunjika tena, kwa sababu kiungo kimelika. Dobi alitembea akikanyagia upande wa nje wa mguu. Dawa aliambiwa aendelee nayo kila siku, miaka na miaka. Nyumba ya wageni ilikuwa na dobi mwingine.

Shemeji alimwambia aje asimame siku moja, waone. Dobi alikataa mara mbili. Mara ya tatu mkewe alimtolea shati safi bila kusema neno, naye akalivaa.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alisimama mbele ya meza barazani kwa shemeji yake. Kapuni mlikuwa na sare thelathini na moja za shule. Shemeji alimwekea kiti nyuma yake. Dobi alianza na kola, kisha mikono, kisha mgongo, kwa mpangilio aliouzoea. Saa tano alibadilisha mguu. Saa sita na dakika ishirini aliitua pasi, akavuta kiti, akakaa.

"Ni kidole?" shemeji aliuliza.

Dobi alilisukuma kapu kwa mguu wa kulia, shemeji aone ndani. Lilikuwa tupu.