Wale Waliosimama Chini ya Kamba

Zamda alichuchumaa kando ya kisima, kata mkononi, akingoja maji yajikusanye. Wakati wa kiangazi kisima cha Kwembogo kilitoa maji kama bahili anavyotoa sadaka: kidogo, tena kwa kununa. Unachota kidogo, unakaa, unangoja, unachota tena. Debe lilikuwa halijafika nusu, na kule shuleni ringi ya gurudumu la lori ilikwisha gongwa.

"Hesabu ndiyo hiyo, imekwenda zake," alisema, akilitazama debe kwa hasira kana kwamba ndilo lililogonga kengele.

"Acha kunung'unika, chota," mama yake alimjibu. "Zamu ni zamu."

Tangu watu wahamie kijiji kile kipya cha ujamaa, maji yalichotwa kwa zamu za nyumba kumi kumi. Nyumba kumi zilizokuwa chini ya balozi Semboja, alikokaa Zamda, zilikuwa za mwisho asubuhi. Kwa nini za mwisho? Hakuna aliyejua. Zamu zilipangwa mwaka wa kuhamia, zikabaki hivyo hivyo.

Alipofika shuleni, Zamda hakwenda mlangoni. Wachelewaji walichapwa. Alizunguka nyuma, kwenye shamba la pamba la shule, akawakuta majirani zake Abdi na Zuena wakijipaka vumbi jekundu miguuni. Wanafunzi wenye zamu ya kung'oa mashina ya pamba waliruhusiwa kukosa kipindi cha kwanza. Basi watoto wa balozi Semboja walikuwa wamejifunza njia yao: kila mmoja alichukua jembe ghalani, akalitia begani, akaingia darasani akihema.

"Shikamoo, mwalimu. Tumetoka shamba."

"Marahaba. Kaeni," alisema Mwalimu Athuman, huku akifuta ubaoni hesabu za sehemu ambazo hawakuziona.

Siku hiyo alirudisha majaribio. Daftari la Zamda alilishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya.

"Zamda! Hivi wewe una nini? Ukiulizwa jambo lolote unajibu kabla sijamaliza kuuliza. Sehemu ndogo tu, nusu na robo, unaniandikia vituko! Nimechoka. Wallahi nimechoka. Kuanzia Jumatatu, wote walioshindwa watakuwa shamba wakati wa hesabu. Nitabaki na wanaotaka."

Zamda alipokea daftari lake, akarudi kukaa. Aliwahi kwenda Korogwe mara moja, kwa mjomba wake anayefanya kazi ya mkonge kule Ngombezi. Pale Manundu, mjini Korogwe, aliwaona wasichana wa sekondari wakipita na sare zao, vitabu vifuani, na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Bila hesabu, mtihani wa darasa la saba ungempita kama alivyopitwa na kengele.

Wiki hiyo hiyo alikuwapo mgeni, Mwalimu Agripina, aliyetoka Korogwe kufanya uchunguzi. Alikuwa amewapa wanafunzi karatasi zenye maumbo, kila safu ikiwa na umbo moja lililokosekana, nao walipaswa kulitafuta. Alitaka kujua kama mwenye akili ya kuona mpango wa maumbo ndiye pia anayepata alama nzuri za hesabu.

"Nawe tena!" Mwalimu Athuman alimwambia Zamda baada ya kuona matokeo. "Maumbo unapata karibu yote! Kumbe akili unayo, unaninyima tu!"

Zamda alitamani kulia na kupiga kelele kwa pamoja. Asipokuwa na akili anagombezwa, akiwa nayo anagombezwa. Afanye nini, ajichimbie chini?

Ijumaa Mwalimu Agripina aliwapeleka wote uwanjani. Alikuwa ameazima kamba za kupandia pamba. Moja aliilaza chini kwenda upande wa ofisi, nyingine kwenda upande wa shamba.

"Leo ninyi ndio takwimu," alisema. "Kwanza tembea kuelekea ofisini, kwa kadiri ya alama zako za maumbo. Kisha geuka, uelekee shambani kwa kadiri ya alama zako za hesabu. Ukifika, simama. Usiongeze hatua ya kujipendelea, Mwinjuma, nakuona."

Walipomaliza kusukumana, walikuwa wametawanyika uwanja mzima. Lakini hawakutawanyika ovyo. Waliokwenda mbali kwa maumbo, wengi wao walikwenda mbali kwa hesabu pia.

"Mnaonaje?" Mwalimu Agripina aliuliza.

Nairesiae, binti wa wafugaji wa ng'ambo ya korongo, alikuwa amesimama mbele kabisa. Aliinua mkono. "Ni kama mbuzi wanaotoka boma, mwalimu. Hawaendi kwa mstari, lakini wote wanaelekea malishoni."

"Vizuri sana! Huo ndio uhusiano. Si sheria, ni mwelekeo." Akalaza kamba ya tatu katikati ya kundi, ikipanda pamoja nao. "Na mbuzi walioachwa nyuma?"

"Hapo mchungaji anauliza wana nini," alisema Nairesiae. Akawatazama waliosimama chini ya kamba, waliokwenda mbali kwa maumbo lakini si kwa hesabu: Zamda, Abdi, Zuena na wengine wachache. Akakunja uso. "Lakini mwalimu, hao wote ni majirani! Ni watoto wa balozi Semboja!"

"Sasa ujirani nao unapunguza alama?" alifoka Mwalimu Athuman.

"Ndiyo maana tunauliza," alisema Mwalimu Agripina taratibu. "Zamda, kuna nini huko kwenu?"

Abdi alimkonyeza vikali: *nyamaza*. Akisema, watachapwa wote. Asiposema, Jumatatu ni jembe, safari hii jembe la kweli, na Korogwe ndiyo basi tena.

"Tunachelewa, mwalimu," alisema Zamda. "Zamu yetu ya maji ni ya mwisho. Kipindi cha hesabu hatukioni. Yale majembe… tunayachukua ghalani tu. Shamba hatuendi."

Mwalimu Athuman aliinama kuitazama miguu yao. "Vumbi lile?"

"Tunajipaka."

"Na mimi nikawa nawasifu kwa bidii!" Alijishika kichwa. "Ya Rabi! Mngesema neno moja!"

Adhabu waliipata. Waling'oa mashina ya pamba Jumamosi nzima, na jembe la Zamda lilikuwa butu kuliko yote. Lakini jioni hiyo Mwalimu Athuman alikwenda kwa balozi, Zamda akisikiliza uani.

"Mwalimu, hii zamu ni ya serikali ya kijiji," alisema mzee Semboja.

"Mzee wangu, watoto wako wana akili, inabaki kisimani."

"Sasa mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ningejuaje, mzee? Walikuwa wakija na majembe!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata, mabalozi walikubaliana zamu zizunguke, na watoto wachote maji jioni.

Kuwahi tu hakukutosha. Zamda alibaki na sehemu za miezi mingi alizozikosa, na Nairesiae alimfundisha wakati wa mapumziko kwa kumega kiazi. Alikuwa mwalimu mkali. Ukikosea, kipande chako alikila yeye.

Mwisho wa muhula kamba zililazwa tena. Zamda alihesabu hatua zake, akageuka, akatembea, akaivuka kamba ya kati. Kidogo tu, lakini aliivuka. Zuena naye aliivuka. Abdi, aliyekuwa akiwahi kila siku, alisimama pale pale pa zamani.

"Wewe sasa, tutakutafutia sababu nyingine," alisema Mwalimu Athuman. Abdi akainama kutazama viatu vyake, ambavyo hakuwa navyo.

Kisha mwalimu akawageukia wote. "Sikilizeni. Akili na hesabu zinafahamiana, mmeona wenyewe. Lakini akili haiwezi kujifunza somo ambalo mwenyewe hayupo kulisikia. Nami niliona alama, nikadhani nimemwona mtoto. Kwa hiyo mwenye shida aiseme, asiipake vumbi. Akishasema, afanye kazi. Zamda!"

"Naam, mwalimu."

"Nusu ya robo ni ngapi?"

Zamda alijibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Safari hii alipata.