Kinyozi na Samaki wa Mkewe

Sogeeni, majirani, na mwenye chungu jikoni apunguze moto kwanza, maana haya si ya kusikiliza kwa sikio moja.

Asubuhi ile nyumba ya kinyozi ilikuwa imetulia kuliko siku zote. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa anafunga mikate na mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. Mama mkwe, yaani mama mzazi wa kinyozi, alikuwa anatafuta kofia yake ya jua, na kinyozi mwenyewe ananyoa ndevu huku anapiga mluzi. Walikuwa wanakwenda baharini kuvua. Kuna nahodha mmoja anayekodisha boti kwa wapenda uvuvi; mke wa kinyozi alimshonea turubai jipya na mito ya viti, naye akafurahi hata akamwambia aje na watu wake siku moja, wavue mpaka wachoke. Kwa hiyo siku ilikuwa ya nani? Ya mke. Lishikeni hilo.

Sasa kinyozi mnamjua. Ukikaa kwenye kiti chake unaondoka umenyolewa na mbavu zinakuuma kwa kucheka. Lakini kichekesho chake kikubwa, miaka yote, ni mkewe. Mama yule husema taratibu, hufikiri kabla ya kujibu, basi mumewe akamwita Kobe. Jina likatoka nyumbani likaingia saluni, likatoka saluni likaingia mtaani, hadi watoto wanaopeleka sare kushonwa wanauliza kama Kobe yupo.

Mke alikaza fundo la kitambaa, akasema bila kumtazama.

"Baba watoto, leo usinicheke mbele za watu. Ukinicheka tena nitakwenda kwa kaka yangu, na sitakuwa nimekwenda kusalimia."

Kinyozi akaahidi. Akambebea na kikapu.

Na kweli, mpaka boti inaondoka gatini alikuwa mpole kama bwana harusi. Ila humo botini walikuwemo wageni wengine waliokodi, wanaume wanne, na mmoja wao akacheka neno dogo tu alilosema kinyozi kuhusu chambo. Basi, ikawa kama umemwashia taa. Mawimbi yalipoanza kurusha boti, mke akachafukwa, akainama ukingoni kutapika. Kinyozi akawatangazia watu kwamba Kobe wake anawapa samaki kifungua kinywa. Wageni wakaangua kicheko. Hata mama mkwe alicheka, akajifuta machozi kwa leso.

Mke alifuta mdomo, akaketi, akamwomba nahodha amwonyeshe namna ya kushika fimbo ya kuvulia. Nahodha akamweleza: samaki akivuta, mlegezee mshipi, akichoka, zungusha gurudumu umvute. Mke alisikiliza. Kinyozi, aliyekuwa anasimulia habari za mteja wake mwenye kipara, hakusikia hata neno, ndiyo maana kila chewa aliyenasa kwake alichomoka na kwenda zake.

Mchana fimbo ya mke ikapinda kama upinde. Mumewe akapiga kelele kwamba ataivunja, ailete kwake, na mkono akanyoosha. Nahodha akamzuia kwa kiwiko. Mama yule alilegeza, akazungusha, akalegeza tena, jasho linamtiririka, mpaka nahodha akaingiza wavu na kupandisha chewa mnene asiyeweza kukumbatiwa kwa mkono mmoja. Wale wageni waliokuwa wakimcheka wakampigia makofi. Na mnajua alifanya nini? Alicheka. Mama mkwe anasema hakuwahi kumsikia akicheka kwa sauti vile tangu aolewe.

Walipofika gatini, kinyozi akamwinua yule chewa kifuani, akampa mkewe simu ampige picha. Mke akapiga.

Jioni sebule yao ilifurika, wengine tulisimama dirishani, maana picha ilitutangulia mtaani. Samaki alikaangwa na nani tena? Na mke huyo huyo. Kinyozi akasimama katikati, akasimulia alivyopambana na chewa, na Kobe alivyokuwa anatapika, akaigiza na kutapika kwenyewe. Watu hoi. Ndipo muuza mkaa akamtania.

"Wewe kuku akitoroka humkamati. Nani shahidi wako?"

"Muulizeni mama," alisema kinyozi. "Alikuwepo."

Mama mkwe akaweka sahani chini. Angenyamaza, hakuna ambaye angemlaumu. Mkewe kinyozi alikuwa mlangoni, ameshika sahani ya nyongeza.

"Samaki kavuliwa na mkeo," mama mkwe alisema. "Wewe ulivua kelele. Na ulipomcheka anatapika, mimi nilicheka nawe. Baba yako alinifanyia hivi hivi, mbele za watu hivi hivi, na wewe ulikuwa unacheka umekaa mapajani mwangu. Nilidhani utakua uache."

Kinyozi akajaribu kucheka, asipate wa kumuunga mkono. Sisi wenye samaki mdomoni hatukujua tumeze au tuteme. Mke aliweka sahani mezani, akaingia chumbani, akatoka na begi. Mumewe akamfuata hadi mlangoni, akamnong'oneza, "Rudi ndani, watu wanatuona." Katika maneno yote ya duniani, akachagua hayo.

"Ningojee nivae viatu, mwanangu," mama mkwe alimwambia mke. "Twende wote."

Kesho yake kinyozi alikwenda kwa shemeji yake, akamwomba mkewe msamaha pale uani, kwa sauti ya chini.

"Umenivua nguo sebuleni," mke akamjibu, "halafu unataka kunivisha kichochoroni?"

Ikabidi atukusanye sote tena, na wa dirishani pia. Akasimama pale pale sebuleni. Akasema samaki alikuwa wa mkewe, ahadi aliivunja yeye, na jina lile alilianzisha yeye, analifuta. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa mazoea. Kinyozi akangoja amalize, jasho linamdondoka kidevuni. Kisha sote tukamtazama mke, aliyekaa na kaka yake. Akafikiri kama kawaida yake. Hakuna aliyemharakisha.

"Nimesikia," alisema. "Leo nalala kwa kaka. Kesho uje kunichukua kwa miguu, mchana, begi ulibebe wewe. Watu watuone."

FUNZO

Utani ni wa watu wawili. Kama mmoja hacheki, huo ni uonevu. Anayemwaibisha mkewe hadharani asidhani atamaliza mambo chumbani. Na sisi tunaocheka ndio tunaomtia mtu kama huyo nguvu, na watoto wetu wanatutazama. Ukisikia mtu anachekwa na mwenziwe, mwangalie usoni kwanza, ndipo uamue kama kuna cha kuchekesha.