Ubao Uliofagiwa Mara Kumi na Mbili

Haba na haba hujaza kibaba, watu husema. Mimi nasema haba na haba huweza kukidanganya kibaba mpaka kikaapa kwamba kimejaa. Ushahidi ninao, na kijiji chetu chote cha Tamarack kinaujua.

Kila asubuhi saa moja, tangu Novemba hadi Aprili, mimi na Babu Virkler tulitoka nyuma ya nyumba na rula yetu. Pale uani tulikuwa na ubao mweupe uliolazwa chini. Babu alichomeka rula kwenye theluji iliyoangukia ubao, akasoma inchi, nami nikaandika daftarini. Kisha niliufagia ubao ukabaki mtupu, ukingojea theluji nyingine. Babu amewapimia theluji watu wa ofisi ya hali ya hewa kwa miaka thelathini na mmoja.

Mwaka ule, mwezi wa Januari, aliteleza ngazini akaumia nyonga. Daktari akamwamuru alale.

“Lisbet,” Babu akaniambia, “sasa ubao ni wako. Siku ya tufani, pima saa saba mchana na saa moja jioni. Umesikia?”

“Nimesikia, Babu.”

Kusikia, nilisikia.

Ijumaa moja tufani ilikuja. Upepo wa baridi kali ulivuka Ziwa Ontario, ambalo maji yake yalikuwa bado na joto kuliko hewa iliyopita juu yake. Upepo ukanyonya mvuke, na mawingu yakajipanga kama mkanda mmoja mrefu, mwembamba, kutoka ziwani hadi juu ya mapaa yetu. Chini ya mkanda ule theluji ilimwagika kama unga uliopasukiwa na gunia. Nje ya mkanda hapakuwa na kitu. Binamu yangu Anselm alinipigia simu kutoka Wexley, kijiji cha jirani, maili nne tu kutoka kwetu.

“Nyie bado mko hai?” akauliza. “Sisi huku jua linawaka. Mama anaanika soksi!”

“Anikeni tu,” nikamjibu. “Mkimaliza, lifungasheni lile Koleo mlilete kwetu.”

Koleo la Dhahabu ni koleo kuukuu la kuzolea theluji lililopakwa rangi. Huning'inia katika kijiji kilichowahi kupata theluji nyingi zaidi kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kwa miaka kumi na tisa lilikuwa Wexley, kwa inchi thelathini na nane, na kwa miaka kumi na tisa walitucheka.

Mara anga likawaka zambarau. Radi ikanguruma, lakini kwa sauti nzito iliyofunikwa, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Babu akapiga kelele kutoka kitandani, “Radi ndani ya theluji! Hewa inapanda kwa nguvu huko juu, Lisbet! Sasa itamwagika kweli!” Nikacheka, nikarukaruka jikoni. Ilimwagika hata sikuuona mti wetu wa mlangoni.

Nikajiambia: mpimaji mvivu hupima mara mbili, mpimaji hodari hupima kila saa. Basi kila saa nilitoka, nikapima, nikaandika, nikafagia. Vidole viliniganda, kope zikashikana, lakini sikukata tamaa. Jioni nilijumlisha: inchi arobaini na mbili!

Babu alimpigia simu Bwana Roggie, mkuu wa zimamoto. Bwana Roggie akawasha king'ora. Watu walitoka milangoni wakishangilia kana kwamba theluji wameitengeneza wao.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumlisha mbwa. Paa la kibanda chake ni bapa, na hakuna aliyeligusa tangu Ijumaa alfajiri. Nikachomeka rula juu yake. Inchi ishirini na tisa.

Nikarudi mbio. “Babu, juu ya kibanda ziko ishirini na tisa tu. Zile nyingine zimekwenda wapi?”

Babu alinitazama. “Uliufagia ubao mara ngapi?”

“Mara kumi na mbili.”

“Nilikwambia mara ngapi?”

“Mbili. Nisamehe, Babu. Nilitaka kufanya kazi zaidi.”

“Theluji mpya imejaa hewa,” akasema polepole. “Ikikaa, hujilaza kwa uzito wake. Wewe hukuipa nafasi ya kulala. Kila saa umepima mapovu, ukayajumlisha.” Akanipa daftari. “Mwandiko ni wako. Utakalowaambia watu, utaamua mwenyewe.”

Saa nne, kituo cha zimamoto kilijaa watu, chapati za maji na shira tunayoipika kwa utomvu wa miti yetu wenyewe. Watu wa Wexley walikuwa wamefika, na Mama Paquette, mama yake Anselm na mpimaji wao, amelibeba Koleo kama anayebeba maiti. Bwana Roggie alikuwa tayari juu ya ngazi na nyundo mkononi.

Nikapanda juu ya benchi. “Msilitundike! Nilifagia kila saa. Ile arobaini na mbili si ya kweli.”

Mtu akaguna, “Si ungenyamaza tu, wewe binti!”

“Watu wanaojenga mapaa husoma namba zetu,” nikasema. “Namba ikiwa ya uongo, nao watajenga kwa uongo.”

Nilitazamia Wexley washangilie. Lakini Mama Paquette alikuwa amekaa, uso umemwiva.

“Kila saa?” akauliza. “Mimi siku ile, miaka kumi na tisa iliyopita… nilifagia mara kumi na moja.”

“Mama!” Anselm akapiga kelele.

Kicheko kilichofuata kilitikisa madirisha. Watu walishikana mabega, Tamarack kwa Wexley, machozi yakiwatoka. Koleo likakubaliwa litundikwe darajani, katikati ya vijiji viwili, lisiwe la mtu hadi apatikane wa kulistahili.

Jioni nilimsimulia Babu, akacheka mpaka nyonga ikamuuma. “Bidii bila utii ilikupotosha, mjukuu wangu,” akasema. “Ukweli ndio uliokurudisha. Na umemrudisha na mwenzio.”

Lakini kabla sijatoka pale kituoni, Bwana Roggie alikuja na sinia la chapati, amekunja uso. “Lisbet Virkler! Sisi umetunyima Koleo, Wexley umewanyang'anya. Hebu simama uviombe radhi vijiji vyote viwili.”

“Babu nimeshamwomba, maana sikumtii,” nikasema, nikanyoosha sahani yangu. “Ila kwa kusema kweli, niongezee chapati, Bwana Roggie. Radhi siombi.”