Mlango wa Landrova ya Mzee Tahiru

Likizo ilipoanza, Eyotaru aliamka kila siku kabla ya baba yake. Alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akainjika chai. Tangu mwezi wa pili, mama yake, Driwaru, alikuwa mji wa Koboko akimuuguza bibi aliyevunjika nyonga. Nyumbani walikunywa chai watu wawili tu, lakini mara nyingi mkono wa Eyotaru ulipima maji ya watu watatu. Baba alikunywa kilichozidi.

Baba yake, Acidri, alikuwa fundi wa rangi za magari. Gereji yake ilikuwa chini ya kilima cha Arua Hill. Wiki hiyo alikuwa na kazi moja kubwa: Landrova ya Mzee Tahiru, askari mstaafu wa Koboko. Mlango wa kushoto ulikuwa umebadilishwa, na ule mpya ulikuwa alumini tupu, haujapakwa chochote. Ilikubaliwa kwamba Jumamosi Mzee Tahiru angelichukua gari lake, naye mzee angempeleka Eyotaru kwa mama yake.

"Jumamosi," Eyotaru alijiambia kila alipokunja nguo zake kwenye begi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuwahi kukaa miezi mingi hivyo bila mama.

Alhamisi baba alimfundisha kuusugua mlango. Kwanza waliuosha kwa sabuni, wakaufuta kwa thina kuondoa mafuta. Kisha Eyotaru akavaa barakoa na glavu, akasugua kwa msasa laini mpaka bati likapoteza mng'ao wa mwanzo.

"Alumini haina subira," baba alisema. "Ukimaliza kuisugua, hewa huanza kuifunika kwa utando usiouona. Kwa hiyo tunaifuta tena na kupuliza praima, rangi ya kwanza inayoishikilia ile ya juu, saa hiyo hiyo. Na usiiguse kwa mkono mtupu. Mkono una mafuta hata ukiuona msafi."

Baada ya kuufuta mlango mara ya mwisho, baba alikwenda nyuma kuchanganya praima. Eyotaru alikuwa amevua glavu kwa sababu ya joto, akajipaka mafuta mikononi kwani thina ilikuwa imeikausha ngozi yake. Alisogea karibu na mlango. Katika bati lile aliona kivuli hafifu cha uso wake, paji pana na shingo ndefu. Watu wote walisema anafanana na mama. Aliinama ili aone vizuri zaidi, na bila kufikiri akaegemea kwa viganja vyote viwili.

Alishtuka, akarudi nyuma. Hakuna alama aliyoiona. Aliposikia hatua za baba alitaka kusema, lakini akaifikiria Jumamosi. Akanyamaza. Baba akamwambia asimame mbali, akapuliza praima. Mlango ukawa wa kijivu, mzuri, sawasawa kila mahali.

Usiku ule alilifunga begi lake, kisha akalifungua tena. Asubuhi ya Ijumaa baba alianza kukoroga rangi ya kijani.

"Baba," Eyotaru alisema, "usipulize kwanza. Jana niliushika mlango. Mikono yangu ilikuwa na mafuta."

Baba aliweka kopo chini. "Wapi?"

Eyotaru alionyesha. Baba alikata selotepu, akaibandika hapo, akaibandua kwa nguvu. Praima ilitoka nayo, na bati likaonekana wazi, vipande vitatu vyembamba kama vidole.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilitaka kwenda kwa mama."

Baba aliikunja ile selotepu. "Hata mimi nataka mama yako arudi," alisema polepole. "Lete msasa."

Walisugua mlango wote upya hadi mchana. Kisha mvua ikaanza, ikanyesha siku hiyo na Jumamosi nzima, na katika unyevu ule baba hakuthubutu kupuliza kitu. Mzee Tahiru alipofika Jumamosi hiyo, Eyotaru mwenyewe alimweleza kilichotokea, macho yakiwa chini.

"Basi, mimi iko na dada hapa Manibe," mzee alisema. "Nitalala kwake mpaka gari iko tayari."

Jioni Eyotaru alimpigia mama simu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nimeshakutandikia kitanda," alisema. "Haya. Kitabaki hivyo hivyo."

Eyotaru alilia baada ya simu kukatika.

Jumapili jua lilitoka. Jumatatu asubuhi walisugua kidogo, wakafuta na kupuliza praima, na safari hii glavu hazikutoka mikononi. Baba alijaribu kwa selotepu mahali pengi, haikubandua kitu. Alasiri akapuliza rangi ya kijani.

Jumanne Mzee Tahiru alimchukua Eyotaru kwa Landrova, wakapita Maracha, Eyotaru akihesabu vijiji kimoja kimoja. Huko Koboko, mama alikuwa amesimama kando ya barabara, amekonda, kitambaa chake kichwani kimelegea. Eyotaru alishuka kabla gari halijatulia vizuri, akamkumbatia, asitake kumwachia.

"Siku tatu hizi zilikuwa ndefu kuliko miezi yote," alisema hatimaye.

"Hata kwangu," mama alisema. "Jumapili nilikaa hapa barabarani, ingawa nilijua huji. Lakini sikiliza, mwanangu. Ungekuja Jumamosi bila kusema, ungekaa nami huku ukijua gari la watu linaharibika na baba yako atalaumiwa. Usingenifurahia, na mimi ningeona huna amani bila kujua sababu. Ukikosea, sema mapema, hata kama ukweli utakuchelewesha kupata unachokitaka sana. Sasa umefika mzima, na huna la kunificha."

Alilichukua begi kutoka mkononi mwake. "Twende. Bibi ameanza kukaa mwenyewe kitandani, na tangu asubuhi anakuuliza."