Malimi Alipotaka Kuuza Ghala la Dagaa

Kitendawili, wanangu! Huzidisha uzito wa gunia, hushusha bei yake. Msikune vichwa: ni mchanga. Sikilizeni jinsi ulivyotaka kumwangusha Malimi.

Miaka ile ya tisini, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, Malimi na mkewe Teodora walikuwa na ghala la dagaa karibu na mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, hapa Mwanza. Waliishi kwa raha zao. Kisha magoti ya Malimi yakaanza kumsumbua. Akataka kuuza ghala, pamoja na jina na wateja, arudi kijijini kwao Bujora akafuge ng'ombe.

Mnunuzi, Mama Getruda, alikuwa anakuja kutoka Dodoma. Malimi akaona apandishe thamani. Akapaka ghala rangi ya buluu, akaweka simu mezani, akakodi vibarua wajifanye wana shughuli. Dagaa akaendelea kuwaanika mchangani, maana mchanga hauna gharama na mizani inaupenda.

"Baba Kulwa, unampaka bibi harusi poda hajaoga," Teodora akamwambia. "Tutengeneze chanja, dagaa wakauke juu, mbali na mchanga."

"Wewe pika tu, mama. Mgeni hanunui chanja."

Getruda akafika. Rangi hakuitazama. Akafungua gunia, akatia dagaa mmoja mdomoni. Krrp! Akatema.

"Mzee Malimi, nyumbani kwako mnakula dagaa hawa?"

Malimi akainamisha kichwa. Dagaa wa nyumbani Teodora aliwaanika peke yao, juu ya jabali nyuma ya nyumba. Getruda akasubiri jibu, hakulipata, akaondoka.

"Bosi, simu inalia!" kibarua mmoja akamtania. Simu yenyewe haikuwa na waya.

Siku ile Malimi hakula. Asubuhi akamwendea mkewe: "Mama Kulwa, hebu nielekeze hiyo chanja yako."

Wakajenga chanja ndefu za miti na nyavu kuukuu. Magunia yakawa mepesi, lakini akina mama wa sokoni wakaanza kuulizia dagaa wa Malimi kwa jina. Sifa zikafika Dodoma, na Getruda akarudi.

FUNZO

Wanangu, ukitaka kuuza biashara yako kwa bei nzuri, tengeneza kwanza kile mteja anachotia mdomoni, ukuta baadaye. Na usimuuzie mwenzako kitu unachowanyima watoto wako. Malimi aliuza kwa bei aliyoitamani, na ng'ombe wake wako Bujora mpaka leo.

Lakini kabla ya bei kutajwa, Teodora alitenga ugali na dagaa wa kukaanga. Malimi akanawa, akamega tonge, akala kwanza yeye.

"Mama Getruda, uliniuliza nikanyamaza," akasema. "Ndiyo, tunakula. Karibu."